Daraja la Nyabarongo: Jumapili ya Familia Moja ya Gitega

Mgeni aingiapo Kigali na kuuliza ni wapi pa kutembea, aghalabu huelekezwa kwenye Nyumba ya Kandt, au kwenye masoko, au juu ya mlima Kigali, wenye kimo cha zaidi ya mita 1,800, ambako mji wote huonekana umetandazwa chini kama mkeka. Ni wachache wamwambiao aende akalitazame daraja la Nyabarongo. Daraja hilo liko ukingoni mwa mji, kwenye barabara kuu iendayo Muhanga na Huye, mahali ambapo wilaya ya Nyarugenge inakoma na wilaya ya Kamonyi inaanza. Halina fahari ya kuita macho, na abiria wengi hulipita ndani ya mabasi bila hata kugeuza shingo. Walakini si rahisi kupata mahali pengine katika nchi ya Rwanda ambapo mtu anaweza kusimama na kuona mambo mengi kiasi hicho, ya kale na ya leo, yakipita chini ya miguu yake.

Jumapili moja ya mwezi wa Juni, mvua za masika zikiwa zimekwisha na barabara zimekauka, sajini mmoja wa polisi aishiye katika sekta ya Gitega aliwachukua watu wa nyumba yake kwenda kulitazama daraja hilo. Walikuwa watano: yeye mwenyewe, mkewe, binti yao wa miaka kumi na miwili, mtoto wao wa kiume wa miaka minane, na mama mkwe wake ambaye watoto humwita Bibi.

Safari hiyo ilianza na kazi ya shule. Mwalimu wa yule mtoto wa kiume alikuwa amewaagiza wanafunzi wake kila mmoja achague mahali maarufu katika mji wa Kigali, apatembelee pamoja na wazazi wake, kisha aandike ukurasa mmoja. Wenzake walichagua majengo marefu na viwanja vya michezo. Yeye akachagua daraja, kwa sababu baba yake aliwahi kulinda zamu hapo wakati mto ulipofurika na barabara ikafungwa, na mtoto alikuwa amejivunia habari hiyo mbele ya darasa zima.

Alipoitaja haja yake wakati wa chakula cha jioni, mama yake aliacha kupakua na kuutazama mlango wa chumba cha nyuma. Watoto hawakuelewa. Walichokijua wao ni kwamba Bibi, kila alipopanda basi kwenda kuwaona jamaa zake upande wa Kamonyi, alijifunika kitenge usoni basi lilipopita Giticyinyoni na kuanza kuteremka bondeni, na hakukiondoa mpaka basi lilipoanza kupanda mlima wa ng'ambo. Walidhani ni kizunguzungu cha gari.

"Labda achague mahali pengine," alisema mama yao kwa sauti ya chini.

Sauti ikatoka chumbani. "Mtoto aliyetumwa na mwalimu wake hazuiwi. Tena nami nitakwenda."

Hakuna aliyeongeza neno.

Kuteremka na Maji

Gitega hii ya Kigali isichanganywe na Gitega ya Burundi, ambayo ni mji mkuu wa kisiasa wa nchi hiyo. Gitega ya Kigali ni mtaa wa mlimani katika wilaya ya Nyarugenge, wenye nyumba nyingi zilizosongamana na ngazi nyembamba zipitazo katikati ya kuta. Ni jirani wa Biryogo, mtaa ambao tangu zama za ukoloni umekuwa makao ya Waislamu na wasemaji wa Kiswahili, lugha ambayo mwaka 2017 Rwanda iliifanya kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Kwa hiyo mtoto wa Gitega hukua akisikia Kinyarwanda nyumbani na Kiswahili dukani, na hakuna anayeona ajabu.

Mtaa huu una korongo lake, liitwalo Mpazi. Mvua inaponyesha juu ya milima ya Nyarugenge, maji yote ya mabati na ya vichochoro huteremkia humo kwa ngurumo, yakapita Gitega na Kimisagara mpaka bondeni Nyabugogo. Kwa miaka mingi korongo hilo lilikuwa tishio kwa waliojenga kando yake, na sehemu yake kubwa imejengewa kingo za mawe na saruji. Katika eneo hilohilo la Mpazi, Serikali imejenga majengo ya ghorofa na kuwahamishia wakazi waliokuwa wakiishi katika vibanda vya hatari, bila kuwapeleka mbali na mtaa wao.

Familia iliamua kuifuata njia ya maji. Waliondoka saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa bado halijakuwa kali. Mama alikuwa amefungasha viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai, ndizi mbivu, sambusa za Biryogo na chupa mbili za maji yaliyochemshwa tangu usiku na kupoa. Chai ya tangawizi ilikuwa ndani ya chupa yake. Bibi alibeba kifurushi chake mwenyewe kilichozungushiwa gazeti, akakataa kusaidiwa.

Wakiteremka kando ya Mpazi, sajini aliwaonyesha watoto chupa ya plastiki iliyonasa kwenye mawe. "Mvua ijayo," alisema, "chupa hii itafika Nyabugogo kabla hamjamaliza kunywa chai. Kesho yake itakuwa Nyabarongo. Tazameni vizuri, maana leo tutakwenda kule inakokwenda."

Nyabugogo ni jina la bonde, la kituo kikubwa cha mabasi, na la mto pia. Mto wenyewe hutoka ziwa Muhazi, huko mashariki, ukazunguka chini ya milima ya Kigali, ukapokea maji ya Mpazi na ya vijito vingine, kisha ukajimimina ndani ya Nyabarongo. Kituoni familia ilipanda basi la kwenda upande wa kusini. Walipita Giticyinyoni, mahali njia inapogawanyika, moja ikienda Musanze na Rubavu na nyingine Muhanga na Huye. Basi likashika njia ya Muhanga. Hapo mama aligeuka kumtazama Bibi. Kitenge kilikuwa begani, na mkono wake ulikuwa umekishika upindo, lakini haukukiinua.

Walimwomba kondakta awashushe kabla ya daraja.

Mto Uliowazuia Wafalme

Kabla ya kukaribia daraja, sajini aliwapanga watu wake kama apangavyo askari wake: yeye upande wa magari, watoto upande wa ndani, binti amshike Bibi mkono. Alifanya vyema. Barabara hii ndiyo mshipa unaounganisha mji mkuu na kusini yote ya nchi, na malori yenye shehena hupita hapo mfululizo. Walisogea mpaka mahali ambapo mto unaonekana wazi.

Nyabarongo si mto mpana sana, bali maji yake ni mengi na yana rangi ya chai iliyotiwa maziwa machache. Rangi hiyo hutokana na udongo. Nchi ya vilima elfu hulimwa mpaka kileleni, na pasipo na matuta wala miti, kila mvua huchukua kiasi cha shamba na kukishusha mtoni. Udongo wa mfinyanzi wa bonde hilo una faida yake, kwani hapo Ruliba, karibu na daraja, kipo kiwanda cha matofali na vigae. Lakini udongo wa juu, ule wenye rutuba, ukishaingia mtoni haurudi tena.

Mto huu huanzia kusini-magharibi mwa nchi, mahali ambapo mito ya Mbirurume na Mwogo hukutana. Kwanza huelekea kaskazini, kana kwamba unakwenda kwenye milima ya volkeno. Baada ya kupokea maji ya Mukungwa hubadili nia, ukageuka kuelekea kusini-mashariki na kupita chini ya Kigali. Kwa hiyo umeizunguka sehemu ya katikati ya nchi kama mkono uliokunjwa, na watu wa kale waliuhesabu kuwa mpaka mkubwa. Masimulizi ya ufalme husema kwamba mfalme aliyetawazwa kwa jina la Yuhi alikatazwa na mila kuuvuka mto huu, hali wafalme wa majina ya vita, kama Kigeri na Mibambwe, walikuwa huru kuuvuka na majeshi yao. Watu wa kawaida walivushwa kwa mitumbwi ya magogo, na wavushaji waliujua mkondo, mamba na viboko wake kuliko mtu yeyote.

"Baba," aliuliza mtoto wa kiume akiandika katika daftari lake, "kwa hiyo mfalme alishindwa kupita hapa ambapo sisi tunapita?"

"Alishindwa," akajibu baba yake. "Wewe umepita kwa nauli ya basi."

Habari za mto huu zimefungamana pia na mwanzo wa mji wa Kigali. Daktari mmoja wa Kijerumani, Richard Kandt, aliyezaliwa mwaka 1867, alifika nchi hizi akiitafuta chemchemi ya mto Nile. Aliufuata Nyabarongo kuelekea juu, akaingia Mwogo, kisha Rukarara, na mwaka 1898 akafika ndani ya msitu wa Nyungwe kwenye chemchemi ya Rukarara, akatangaza kwamba hapo ndipo kichwa cha Nile. Mwaka 1907 mtu huyohuyo ndiye aliyeichagua Kigali kuwa makao ya utawala wa Kijerumani. Nyumba yake, ambayo sasa ni makumbusho, ingali imesimama katika wilaya ya Nyarugenge. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 2006, wasafiri watatu kutoka Uingereza na New Zealand waliopanda Nile kwa mashua tangu baharini walifika katika msitu huohuo wa Nyungwe na kusema vivyo hivyo. Wako wanaoshindania heshima hiyo kwa upande wa Burundi, ambako chemchemi ya Rutovu imejengewa piramidi ndogo. Ubishi huo haujawadhuru wakulima wa upande wowote.

Maji Moja, Madaraja Mengi

Walipofika kwenye daraja lenyewe, sajini aliwaeleza watoto yale aliyoyajua. Daraja, alisema, si barabara iliyoinuliwa tu. Kazi yake ya kwanza ni kuchukua uzito wa lori na kuupeleka kwenye nguzo, na nguzo ziupeleke ardhini chini ya matope. Ndiyo sababu mafundi hawajengi popote wapendapo. Hutafuta mahali ambapo vilima vimesogeleana na ardhi inashika. Aliwaambia pia kwamba katika madaraja makubwa huachwa mianya myembamba ya makusudi, kwa kuwa saruji na chuma hutanuka mchana na kusinyaa usiku, na daraja lisilopewa nafasi ya kupumua hupasuka.

Kisha aliwasimulia zamu yake ya mafuriko. Mvua ilinyesha siku kadha wa kadha, mto ukapanda ukafunika bonde zima, mashamba ya miwa na mboga yakatoweka, na maji yakaikata barabara. Polisi waliwekwa kila upande kuwazuia watu. Walikuwapo waliokuwa na wagonjwa, na waliokuwa na maiti wa kuzika, na waliokuwa na bidhaa za kuoza. Wote walimwomba, "Afande, tupishe, maji ni ya magotini tu." Naye aliwakatalia wote, kwa kuwa chini ya maji ya magotini hakuna ajuaye kama barabara ipo.

"Walikutukana?" aliuliza binti.

"Baadhi yao. Lakini hakuna hata mmoja aliyezama zamu yetu."

Binti alikuwa ameinama akitazama majani makavu yakipita chini. Akauliza maji yale yanakwenda wapi. Swali hilo lilimfurahisha baba yake, maana aliwahi kulisoma jambo hilo kwenye ramani za kazi.

Maji ya Nyabarongo, alieleza, hupokea Akanyaru, mto wa mpaka wa Burundi, na karibu na ziwa Rweru hubadili jina yakaitwa Akagera. Huenda mpaka Rusumo, kwenye maporomoko, ambako Rwanda na Tanzania hutazamana. Hapo mto Ruvubu huingia ukitoka Burundi. "Na Ruvubu," alisema, "huchukua mvua za Gitega ya Burundi. Kwa hiyo chupa ya Gitega yetu na chupa ya Gitega yao zinaweza kusalimiana Rusumo."

Pale Rusumo liko daraja jingine la kihistoria. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walilivuka kuingia Tanzania katika muda wa siku moja na usiku wake, msafara wa wakimbizi ambao wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa hawakupata kuuona mfano wake. Daraja hilo la zamani lilipitisha gari moja tu kwa wakati mmoja. Jipya, lililojengwa kwa msaada wa Japani, lilifunguliwa rasmi na marais wa nchi mbili mwezi wa Aprili 2016.

Kutoka hapo Akagera huingia mkoa wa Tanzania ulioitwa kwa jina lake, Kagera, na kupita chini ya daraja la Kyaka. Askari wa Afrika Mashariki walijua vyema daraja hilo. Mwezi wa Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliyokuwa yamevamia eneo hilo yalililipua ili kuyazuia majeshi ya Tanzania yasivuke. Watanzania walitandaza daraja la muda, wakavuka, na mwezi wa Aprili 1979 wakaingia Kampala pamoja na Waganda waliokuwa wakimpinga Amin. Mto ukishapita Kyaka humwagikia ziwa Victoria katika pwani ya Uganda. Ziwa nalo humwagikia Nile pale Jinja, ambako Mwingereza Speke alifika mwaka 1862, na ambako tangu Oktoba 2018 limesimama daraja jipya la nyaya lenye urefu wa mita 525. Kutoka Jinja njia ni moja tu, mpaka Sudan na Misri na baharini.

Mtoto wa kiume alihesabu kwa vidole. "Nyabarongo, Rusumo, Kyaka, Jinja. Madaraja manne, maji moja."

"Andika," alisema baba yake.

Kaka wa Bibi

Wakati wote huo Bibi alikuwa amesimama ameshika ukingo wa daraja kwa mikono miwili. Watoto walipokwisha kuandika aliwaita wasogee, naye akaanza kusema bila kutangulizwa na mtu.

"Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa fundi cherehani pale Gitega, chini kidogo ya tunapokaa sasa. Mwezi wa Aprili mwaka ule, mauaji yalipoanza, tulikaa siku nne ndani hatutoki. Mimi nikachukuliwa usiku na jirani Mwislamu wa Biryogo, akanificha nyuma ya magunia ya mchele. Alikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu. Mdogo wangu akasema yeye ni mwepesi wa miguu, atakwenda kwa shangazi yetu ng'ambo ya mto. Alitia mkasi wake wa kushonea mfukoni, akasema huko atapata kazi, watu hawaachi kushona."

Alinyamaza mpaka lori lilipopita.

"Mwezi wa Julai, vita vilipokwisha hapa mjini, nilitembea kwa miguu mpaka kwa shangazi. Nilimkuta hai. Nikafurahi, nikataka kumkumbatia. Yeye akaniuliza, 'Mdogo wako umemwacha wapi?' Basi hapo ndipo nilipojua. Kati ya nyumba yetu na nyumba ya shangazi hapakuwa na kitu kingine isipokuwa daraja hili."

Watoto wa Rwanda hufundishwa shuleni habari za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na wale wawili walizijua tarehe. Walijua kwamba serikali ya wakati ule iliyokuwa ikiongoza mauaji ilihama Kigali tarehe 12 Aprili kwenda Gitarama kwa barabara hiyohiyo, na kwamba mji wa Kigali ulikombolewa tarehe 4 Julai. Jambo ambalo hawakulijua ni kwamba mto wenyewe ulikuwa umetajwa mapema. Tarehe 22 Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano huko Kabaya na kusema kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya Nyabarongo. Miaka miwili haikutimia, maneno yale yakatendwa. Maiti walichukuliwa na mto, wakapita Rusumo, wakapita Kyaka, mpaka ziwa Victoria, ambako wavuvi na wanavijiji wa Uganda waliwaopoa na kuwazika kwa maelfu. Makaburi yao yanatunzwa hadi leo katika vijiji vya Kasensero, Ggolo na Lambu. Mugesera naye alirejeshwa kutoka Kanada mwaka 2012, na mwaka 2016 mahakama ya Rwanda ikamhukumu kifungo cha maisha.

Kwa hiyo ile orodha ya madaraja aliyoihesabu mtoto kwa vidole ilikuwa pia njia aliyopita kaka wa bibi yake, ikiwa alifia hapo. Binti alilitambua hilo kwanza, akalifunika daftari la mdogo wake kwa mkono. Lakini Bibi aliutoa mkono huo taratibu.

"Mwache. Mwalimu amesema aandike."

Mtoto alifikiri, kisha akauliza swali ambalo mtu mzima asingethubutu kuliuliza. "Bibi, alijua kuogelea?"

"Hakujua," akajibu Bibi. "Mtoto wa mlimani, nani angemfundisha?" Na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alitabasamu kidogo, kwa kuwa alikuwa amekumbuka jinsi mdogo wake alivyokuwa akiogopa hata beseni la maji utotoni.

Akafungua kifurushi chake. Ndani ya gazeti mlikuwa na maua aliyoyakata kwenye makopo yake ya mlangoni, yamefungwa kwa uzi wa cherehani. Kila mwaka, katika siku mia moja za kumbukumbu zinazoanza tarehe 7 Aprili, Wanyarwanda wengi hufika kandokando ya mito na kutupa maua majini kwa ajili ya waliotupwa humo. Bibi alikuwa hajapata kufanya hivyo. Mtoto alitaka watupe kwa upande wa juu wa mto ili akimbie upande wa pili kuyaona yakitokea, kama watoto wafanyavyo kwenye kila daraja, lakini baba yake alimshika ukosi wa shati kwa sababu ya malori. Basi wakatupa kwa upande wa chini, kila mmoja ua lake, wakayatazama yakizunguka penye nguzo, yakashika mkondo, yakaenda.

Je, Hapa Ni Mahali pa Matembezi?

Walivuka kwa miguu mpaka upande wa Kamonyi, wakatafuta kivuli mbali na barabara, wakala. Mama alikuwa na wasiwasi moyoni, akamuuliza mumewe kwa sauti ya chini kama ni vyema kuleta sambusa na kucheka na watoto mahali kama pale. Bibi, ambaye masikio yake bado ni mazima, alimjibu yeye.

"Mwanangu, miaka yote hii nimepapita nimefumba macho. Nilikuwa nikimwona vilevile. Leo nimefumbua, nimeona maji, nimeona wajukuu wangu, nimeona na watu wanalima. Nipe sambusa."

Huenda jibu hilo litawafaa na wazazi wengine wenye shaka hiyo. Mahali pa kihistoria si lazima pawe pa huzuni tupu wala pa furaha tupu. Watoto hawadhuriki kwa kuambiwa ukweli na mtu awapendaye, kwa maneno yanayolingana na umri wao. Hudhurika zaidi wanapoona kitenge usoni mwa bibi yao mwaka baada ya mwaka na kuambiwa ni kizunguzungu.

Kwa familia itakayopenda kufuata njia hiyo, yako mambo machache ya kuzingatia. Wakati mzuri ni wa kiangazi, tangu Juni, na wakati wa masika ni lazima kutii tangazo lolote la polisi kuhusu barabara. Umbali kutoka Gitega ni kiasi cha kilomita kumi, na mabasi ya Nyabugogo hayakosekani. Watoto washikwe mkono muda wote, na gari lisisimamishwe juu ya daraja. Mtu asiteremke majini, kwa kuwa mto una mkondo wa nguvu na wanyama wakali. Daraja ni mahali pa ulinzi pia, hivyo akiwapo askari, aombwe ruhusa kabla ya kupiga picha, na atatoa jibu. Uchafu wote urudishwe nyumbani ndani ya kikapu. Aliyeona jinsi Mpazi unavyofika Nyabarongo hatahitaji kuelezwa sababu.

Jioni walirudi kwa basi, wakalivuka tena daraja. Bibi aliketi karibu na dirisha. Kitenge kilibaki begani, naye aliutazama mto mpaka kilima kikauficha.

Nyumbani, baada ya kuoga na kula, mtoto wa kiume alikaa mezani na daftari lake. Aliandika juu ya mfalme Yuhi, juu ya Kandt, juu ya zamu ya baba yake na madaraja manne. Ukurasa ulipokaribia kwisha aliinuka, akabisha hodi kwenye chumba cha nyuma.

"Bibi, yule kaka yako aliitwa nani?"

Bibi alimtajia jina. Mtoto aliliandika, akamwonyesha. Alikuwa amekosea herufi moja. Bibi aliishika kalamu mwenyewe, akaisahihisha, akamrudishia daftari.